Aliyetoka Ametoka

Mimi ni katibu wa ofisi ya mitihani, na chuo kizima kinajua kwamba ulimi wangu hauna breki. Nimeambiwa hivyo na wakuu wa idara, na wahadhiri, na mama yangu mzazi. Sikatai. Ila safari hii nataka kusifu, na kusifu si kazi niliyoizoea, kwa hiyo mnivumilie nikianza na malalamiko.

Sheria mpya ilipotoka ilisema jambo rahisi tu. Mwanafunzi anayenyonyesha asinyimwe mtihani kwa sababu ya mtoto wake. Apewe nafasi ya kumnyonyesha hata katikati ya mtihani, na muda alioutumia arudishiwe. Ilivihusu vyuo vikuu vyote. Wakubwa wetu wakaisoma, wakaunda kamati, na kamati ikafanya kile ambacho kamati zetu hukiweza kuliko kazi nyingine yoyote: ikazindua kitu. Kilitafutwa chumba katika jengo la utawala, ghorofa ya juu kabisa. Kikapakwa rangi nyeupe, kikatiwa pazia, kiti cha kuegemea na kibao cha kung'aa mlangoni. Naibu Mkuu wa chuo akakata utepe, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Kisha Bwana Majengo, yaani mkuu wa idara ya majengo, akakifunga chumba kwa ufunguo na kuutia mfukoni, kisije kikachafuka.

Sitanii. Nilimuuliza mwenyewe kwenye korido.

"Sasa watoto wakiingia mle, dada yangu," akaniambia, "wageni wakija kukagua watakuta nini? Si watakuta madoa?"

Ningecheka kama wengine, lakini nyumbani kwetu kulikuwa na mtoto. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa mwaka wa mwisho wa ufamasia, na alikuwa amejifungua miezi michache tu iliyopita. Mtoto mwenyewe mashavu tele, ukimwona unataka kumng'ata, ila alikuwa na kasoro moja kubwa: alikataa chupa. Tulijaribu chupa za kila umbo. Tukajaribu kijiko, tukajaribu kikombe. Bibi yake akamwimbia, baba yake akamsihi kwa maneno ya heshima kama anayeomba likizo kazini. Mtoto akafumba midomo na kututazama kama watu tuliokosa adabu. Alimtaka mama yake, na alimtaka pale pale.

Wifi alikuwa amekwisha kupoteza mwaka mmoja kwa sababu ya ile mimba, iliyomlaza kitandani kwa amri ya daktari. Ulibaki mtihani mmoja, ule mrefu wa mwisho unaokula asubuhi nzima. Akiukosa, anarudia mwaka tena. Aliniambia jikoni, huku anaosha vyombo, bila chozi, kwamba harudii. "Nitaacha, wifi. Sina nguvu nyingine iliyobaki." Na mimi nikimjua, alikuwa anasema kweli. Yule binti alisoma ufamasia akiwa amelala chali na daftari juu ya tumbo, halafu aje kuuacha kwa sababu ya mlango!

Maana kikwazo chenyewe kilikuwa mlango. Ukumbi wetu wa mitihani una mlango mmoja mkubwa wenye komeo la chuma, na komeo hilo huvutwa na mtu mmoja tu, Msimamizi Mkuu wa mitihani. Chuo kizima kilimwita Mzee Komeo, yeye mwenyewe akijua. Kengele ikilia, hulivuta, hugeuka, huutazama ukumbi, na kusema maneno mawili: "Aliyetoka ametoka." Basi. Uharishe, utokwe damu puani, ukumbuke kwamba umeacha jiko linawaka nyumbani: ukitoka, umetoka.

Hakuwa mtu katili. Alipokuwa kijana kazini, maswali yalivujishwa kupitia chooni, na matokeo ya darasa zima yakafutwa, wezi na wasio wezi pamoja. Tangu hapo akaapa. Na ukweli usemwe, vyeti vyetu vinaheshimika kila mahali kwa sababu ya lile komeo. Nilimwendea hata hivyo, nikijua kwamba mimi na yeye tumekunywa chai pamoja miaka yote hii.

"Mzee wangu, unajua wifi yangu ana mtoto mdogo..."

"Hongereni," akasema. "Komeo halina wifi."

Nikarudi ofisini nimenuna siku nzima, na karani mwenzangu hakuthubutu kuniomba hata kalamu.

Hapo ndipo ofisi inayosaidia vyuo kutekeleza sheria ilipotuletea mshauri. Tulitazamia mwanamume mwenye suti na faili nene, wa kututisha. Akaja mama mfupi, viatu bapa, mfuko mkubwa begani kama anayetoka sokoni. Kamati ikaketi. Naibu Mkuu akasoma taarifa ya utekelezaji, ukurasa baada ya ukurasa, na ilipofika sehemu ya utepe akasoma polepole ili tufaidi. Yule mama alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza:

"Vipi?"

"Vipi nini?" Naibu Mkuu akashangaa.

"Mama yuko ndani ya mtihani. Mtoto analia nje. Anafika vipi kwenye kile kiti?"

"Tuna sera, mama. Iko kiambatisho cha pili."

"Nimeisoma. Imeandikwa vizuri, hongereni sana. Anafika vipi?"

Watu wakaanza kutafuta kitu cha kutazama mezani. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa amekwisha kuuliza "vipi" kwa kila mtu mle ndani, mpaka mpishi wa chai, na tangu hapo chuo kizima kilimwita Bi Vipi. Aliposikia jina hilo alicheka akasema alilopewa katika chuo kilichotangulia lilikuwa baya zaidi.

Baada ya chai akatoa ndani ya mfuko wake pakiti ya unga, akaizungushia kitambaa, akaifunga kwa pini, akampa Naibu Mkuu.

"Huyu ni mwanao. Leo wewe ni mama. Twende tukafanye mtihani."

Naibu Mkuu wetu ni mtu wa kitambi na suti za bei. Nilidhani atakasirika. Lakini Bi Vipi alikuwa na namna ya kuomba jambo ambayo ukikataa unajiona mtoto. Tukaongozana hadi ukumbini, kamati nzima. Naibu Mkuu akakaa kwenye dawati, magoti yamegusa kidevu. Unga nikapewa mimi niusimamie nje, nilie. Nililia kwa bidii, siwafichi. Wanafunzi waliokuwa wakipita walisimama kuangalia.

"Mimi siigizi," Mzee Komeo akasema pale mlangoni.

"Vizuri," Bi Vipi akamjibu. "Kuwa wewe tu."

Naibu Mkuu akainua mkono. "Naomba nikamnyonyeshe mwanangu."

Mzee Komeo akavuta komeo, mlango ukafunguka. Naibu Mkuu akatoka, akapokea unga wake, na nyuma yake tukasikia chuma kikirudi mahali pake. "Aliyetoka ametoka."

"Lakini mimi ni Naibu Mkuu wa chuo!"

"Sasa hivi wewe ni mwanafunzi mwenye mtoto," Bi Vipi akamkumbusha. "Twende chumbani kwanza. Mlango tutaurudia."

Tukavuka uwanja. Tukapanda ngazi za jengo la utawala, ghorofa baada ya ghorofa, Naibu Mkuu mbele anahema, unga umeanza kuvuja na kumpaka bega lote la suti. Tukafika juu. Mlango umefungwa. Bwana Majengo, ambaye alikuwa miongoni mwetu, akajipapasa mfuko mmoja, akajipapasa wa pili, akakumbuka kwamba ufunguo ameuacha kwenye koti, na koti liko kwenye gari. Akashuka. Sisi tukabaki pale kwenye korido, na mimi kwa kuwa nilikuwa sijaambiwa niache, niliendelea kulia.

Ufunguo ulipokuja na Naibu Mkuu alipokaa kwenye kile kiti cha kuegemea, alikuwa ameloa jasho. Bi Vipi alimpa dakika zake za kunyonyesha unga, kisha akasema kwa upole, "Sasa tunarudi mtihanini."

Naibu Mkuu akaziangalia ngazi. "Na maswali nimeyaacha hata robo sijafika," akasema, kama anayejisemea. Kisha akamgeukia Bwana Majengo na kumwambia chumba kihamishwe karibu na ukumbi, leo hii hii, na kufuli lisiwepo. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba amekosea. Nimekaa kwenye vikao vya chuo hiki umri wangu wote wa kazi, na sijawahi kuona mkubwa akibadili mawazo bila kugombezwa wala kubembelezwa. Nilimtazama yule mama mfupi na kwa mara ya kwanza nikajisikia sina la kukosoa.

Ikabaki habari ya mlango. Katika kikao cha siku iliyofuata mhadhiri mmoja kijana alipendekeza Mzee Komeo apumzishwe siku ya mtihani ule, awekwe msimamizi mwingine mwenye kuelewa. Niliunga mkono kwa sauti kubwa, na wengi wakaniunga mimi. Mzee alikuwa amekaa pale pale, mikono juu ya meza, uso mkavu.

"Hapana," Bi Vipi akasema. "Huyu ndiye atakayeifanya. Mzee wangu, wewe unaogopa nini?"

Mzee Komeo akamtazama, akipima kama anachezewa. "Majibu yataingia kwenye nepi," akasema. "Maswali yatatoka kwenye kanga ya kumbebea. Anayemleta mtoto atanong'ona. Mimi simpekui mama mzazi, na mtoto je? Nani atampekua mtoto?"

Tulivunjika mbavu. Hata Naibu Mkuu alishika tumbo. Bi Vipi peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Huyu mzee ndiye mtu wa kwanza hapa aliyenijibu vipi," akasema alipomaliza. "Mtihani ukiharibika kwa sababu ya huyo mtoto, watakaochukiwa ni akina mama wote watakaokuja baada yake. Mzee, una nafasi mchana?"

Mchana ule na siku iliyofuata walikuwa wawili tu ndani ya ukumbi mtupu, yeye na yule mzee, wakitembea. Niliwachungulia dirishani mara kadhaa nikijifanya nakagua madawati. Mzee anakaa, anainua mkono, anatoka, anarudi. Bi Vipi anakuwa mwizi, Mzee anamkamata. Bi Vipi anabuni wizi mwingine. Mzee anamkamata tena, na safari hii nilimwona akitabasamu, jambo ambalo nilikuwa nalisikia tu kwa watu. Nilivutiwa mpaka nikasahau hasira yangu. Bi Vipi alikuwa amemkuta mtu amesimama mlangoni kuzuia, akamuuliza analinda nini, na wakaanza kulinda pamoja.

Walitoka na utaratibu ambao hata mimi niliuelewa kwa kusikia mara moja. Stoo ya viti vibovu iliyopakana na ukumbi ikasafishwa, ndipo pakawa chumba. Karatasi ya mwanafunzi inabaki juu ya dawati, imefunikwa. Anasindikizwa na mwanamke mtumishi wa chuo. Mtoto anabadilishwa nepi mbele ya msindikizaji, nepi inatoka kwetu. Chumbani hakuna mtu kusema na mtu, hata neno moja. Msimamizi anaandika muda wa kutoka na wa kurudi, na muda huo anaurudisha mwishoni.

"Na ndugu hamsindikizi ndugu," Mzee Komeo akaongeza, bila hata kunitazama. Kwa hiyo wifi akapangiwa mkutubi, mimi nikawekwa mlangoni.

Tulibishana juu ya jambo moja tu. Kamati ilitaka kila mama ajiandikishe mapema, alete barua ya daktari na jina la baba wa mtoto. Bi Vipi akawasomea kile kifungu cha sheria, mara moja, bila kupandisha sauti: kilisema kila mwanafunzi anayenyonyesha, hakikusema aliyejiandikisha. Jina la baba likafutwa, barua ikafutwa. Tangazo likabandikwa kwenye mbao zote kwamba anayependa aje atuambie, ili tumwandalie mahali. Alikuja wifi peke yake. Basi mimi nikasema ni mmoja, nikaandaa kiti kimoja, na roho yangu ikatulia. Sikuwa namfikiria mwingine yeyote. Nilikuwa namtaka wifi amalize.

Siku ya mtihani Bi Vipi hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwenda chuo kingine, nami nikamwona akilini amesimama kwenye ngazi fulani na Naibu Mkuu fulani amebeba unga. Kengele ikalia. Mzee Komeo akavuta komeo, akageuka. Wanafunzi wakasubiri maneno yao. Akakohoa kidogo.

"Anzeni," akasema.

Asubuhi ilikuwa ya joto. Nilisimama mlangoni na moyo unanidunda kana kwamba nafanya mtihani mimi. Nje, mama yangu alikuwa amemshika mjukuu wake kivulini, na nilikisikia kilio chake cha kwanza kabla mtu mwingine yeyote hajakisikia. Ukiwa shangazi hukosi kuitambua sauti ya mwanao. Wifi akainua mkono. Akaifunika karatasi. Mzee Komeo akaangalia saa, akaandika, akavuta komeo, na ukumbi mzima ukainua vichwa kwa sababu ya sauti ile ya chuma isiyosikika kamwe katikati ya mtihani.

"Endeleeni kuandika," akasema.

Wifi akanipita na mkutubi. Hakuniangalia, ndivyo alivyoagizwa. Nikajisemea, imekwisha, tumeshinda.

Sijamaliza kujipongeza, mkono mwingine ukainuliwa, nyuma kabisa, karibu na ukuta. Alikuwa binti mwembamba nisiyemjua hata kwa sura, amevaa sweta amelifunga vifungo vyote katika joto lile. Mzee akaenda. Kwa jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya nilisikia kila kitu.

"Naomba kutoka, Mzee," akasema. "Najua sitarudi." Alikuwa amekwisha kufunga kijitabu chake cha majibu, ananyoosha mkono akikabidhi.

Mzee hakukipokea. Alikuwa ameona lile sweta. Mbele lilikuwa limeloa, pande zote mbili, na yule binti alikuwa akijaribu kujifunika kwa mkono.

"Una mtoto?"

Binti akainamisha kichwa.

"Yuko wapi?"

"Nje ya geti, na rafiki yangu. Mlinzi alimkatalia kuingia."

Yule mhadhiri kijana, aliyekuwa msaidizi wa usimamizi siku hiyo, akaja mbio kwa ncha za viatu. "Mzee, huyu hajajiandikisha. Chumba ni cha mmoja, msindikizaji ni mmoja. Tukivuruga hapa, mtu atakata rufaa, na hata yule wa kwanza matokeo yake yatafutwa."

Nisikilizeni vizuri. Nilimwona wifi jikoni, mikono kwenye povu, akisema sina nguvu nyingine. Nikataka Mzee aseme hapana. Nilitaka lile komeo libaki limefungwa, mimi niliyekuwa nikilitukana kila siku.

Mzee Komeo aliweka kidole juu ya kile kijitabu. Kisha akakichukua, akakilaza juu ya dawati, akakifunika kwa karatasi ya maswali.

"Kinakaa hapa," akamwambia binti. "Wewe utarudi." Akaangalia saa, akaandika. Halafu akaniita kwa kidole. "Katibu, msindikize. Huyu si ndugu yako."

Tukatoka. Getini mlinzi akaanza kuniambia kwamba watoto hawaruhusiwi. Hakufika mwisho wa sentensi. Yale niliyomwambia sitayaandika hapa, lakini tangu siku ile akiniona anasimama wima. Rafiki wa yule binti alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara amemkumbatia mtoto mdogo kuliko wetu, aliyevimba macho kwa kulia. Nikampokea, nikambadilisha nepi kama utaratibu unavyotaka.

Stooni kiti kilikuwa kimoja, kile nilichokiandaa mimi. Wifi alikuwa amekikalia, mtoto amekwisha kushika ziwa. Alituona tukiingia. Aliliona sweta. Kusema hakuruhusiwa, na hakusema. Aliinuka taratibu, mtoto bado ananyonya, akateremka chini kwenye sakafu, akaegemea ukuta, na kwa mguu akakisogeza kiti kuelekea kwa yule binti. Binti akakaa. Mkutubi akageukia dirisha, mimi nikageukia mlango. Kilichosikika humo ni watoto wawili wakimeza.

Mama wote wawili walirudi ukumbini. Wakati wa kawaida ulipokwisha, wengine waliweka kalamu chini wakatoka, na ukumbi ule mkubwa ukabaki na wanawake wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na Mzee Komeo amesimama katikati yao mikono nyuma. Wasaidizi walitaka kukusanya viti. Akawakatalia, viti vinapiga kelele. Aliwarudishia kila mmoja muda wake, wote, na sijawahi kumwona akisimama kwa adabu namna ile, hata siku za mahafali.

Wifi alimaliza wa kwanza. Aliweka kalamu, akamkabidhi Mzee kijitabu, akatembea mpaka kwangu mlangoni kwa hatua za kawaida. Tukatoka nje. Alikaa kwenye ngazi akacheka na kulia kwa pamoja, akirudia, "Nimejibu yote, wifi. Nimejibu yote." Mama yangu akapiga kigelegele mpaka nikamziba mdomo, maana kulikuwa bado na mtu ndani.

Yule binti alitoka mwishoni kabisa. Mtoto wake alikuwa amelala begani kwangu. Rafiki yake nilikuwa nimempeleka akale. Binti alimpokea mwanawe, akanishukuru, akapiga hatua chache, kisha akarudi. Ilionekana kuna jambo linamsumbua.

"Samahani, mama. Naomba niulize. Nani aliniombea?"

"Alikuombea nini?"

"Hii nafasi. Nataka nimshukuru. Tangazo nililiona, lakini nikajua ni mpango wa watu wenye mtu wao ofisini. Mimi hapa chuoni sina mtu."

Nilijua kwamba huyo mtu wa ofisini ni mimi, ingawa yeye mwenyewe hakujua. Uso wangu ukawaka moto.

"Hakuna aliyekuombea, mwanangu. Ni sheria. Ni ya kila mwanafunzi."

Alinitazama kama anayengoja nimalizie maneno yaliyobaki.

"Hata mimi?"

"Hata wewe," nikasema. Kisha nikamchukua tena mtoto, nikatembea bega kwa bega na mama yake hadi getini, na mlinzi akatufungulia.